Somo: Kumtoa mpangaji asiyelipa Ohio, wewe ukiwa jimbo lingine

Ndugu zangu mlionunua nyumba Columbus huku mnaishi kwingine, fuateni hatua hizi kwa utaratibu. Mimi niko Texas, na kosa dogo lilinipotezea miezi miwili.

1. Notisi. Mpangaji apewe notisi ya kuondoka siku tatu kabla hujafungua kesi. Iwe na yale maneno yaliyowekwa na sheria ya Ohio, ya kwamba anatakiwa aondoke na akiwa na shaka juu ya haki zake atafute msaada wa kisheria. Yanakili kama yalivyo. Mtu wako wa kule aibandike mlangoni, apige picha namba ya nyumba ionekane. Siku ya kubandika usiihesabu, wala wikendi na sikukuu.

2. Usipokee kodi mpya. Hapa ndipo nilipoangukia. Notisi yangu ilibandikwa mwishoni mwa Februari. Usiku wa pili simu ikalia: dola 300 zimeingia kwa Zelle (huduma ya kutumiana hela kwa simu), kaandika "kodi ya Machi". Nilifurahi, nikakaa nazo. Mbele ya hakimu ikaonekana kwamba kwa kuchukua kodi ya mbele nimemruhusu aendelee kukaa. Kesi ikafutwa, nikaanza na notisi nyingine. Siku hizi hela ya namna hiyo ikiingia nairudisha siku hiyohiyo, na ninamwandikia sababu.

3. Kesi. Kwa Columbus hufunguliwa Franklin County Municipal Court. Mpangaji apate wito siku saba kabla ya kusikilizwa. Dai nyumba na deni. La nyumba huamuliwa kwanza.

4. Ukishinda, kufuli bado usiliguse. Omba amri ya kumtoa. Afisa wa mahakama atabandika karatasi nyekundu mlangoni, inayompa mpangaji siku tano za kuondoka. Zikiisha, vyombo vinatolewa afisa huyo akiwepo, na wabebaji unawalipa wewe.

Maswali ya wanachama

*Mdogo wangu yuko Columbus, ndiye anayesimamia nyumba. Hawezi kwenda mahakamani badala yangu?*

Hawezi, dada. Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua mwaka 2002 kwamba msimamizi asiye wakili hafungui kesi kwa niaba ya mwenye nyumba. Aje kama shahidi, na kumbukumbu za malipo na zile picha. Na nyumba ikiwa kwa jina la kampuni, hata wewe mwenyewe utahitaji wakili.

*Kaka, nikikata umeme si ataondoka mwenyewe?*

Usithubutu, kaka. Kukata umeme au maji, kubadili kufuli, hata kumtishia kwa hayo, sheria inakataza. Atakushtaki, na utalipa hasara yake pamoja na wakili wake.

*Ana watoto wadogo na ni majira ya baridi. Roho inaniuma.*

Inauma kweli. Mpigie kwanza, kabla ya notisi. Hata kesi ikishafunguliwa mnaweza kuandikiana makubaliano, hakimu akayasaini: alipe kidogo kidogo, au aondoke tarehe fulani. Mama mmoja nilikubaliana naye hivyo. Wiki ya tatu alihama, funguo akaniachia kwenye droo ya jikoni.