Kuchagua mkoba wa kuhifadhia picha kubwa na mabango: anzia ndani

Mkoba wa picha huuzwa kwa sura yake ya nje: zipu imara, mkanda wa begani, ngozi ya bandia inayong'aa. Hivyo vyote ni vya safarini. Picha ikishakaa miaka mitano humo ndani, zipu haiijui. Inayogusana nayo usiku na mchana ni plastiki ya mfuko, karatasi nyeusi iliyotiwa ndani ya mfuko huo, na ukingo uliobana kuliko inavyofaa. Ndiyo maana anayejua kazi hii huangalia kipimo kwanza, kisha plastiki, kisha jinsi kurasa, yaani mifuko hiyo, zilivyofungwa. Ganda la nje huja mwisho.

Kipimo

Pima karatasi yenyewe, pamoja na pambizo nyeupe. Itandaze juu ya meza safi uipime pande zote nne, maana chapa za mkono zenye kingo zilizochanwa mara nyingi hazina pembe mraba. Upande mmoja unaweza kuzidi mwenzake kwa milimita kadhaa. Shika namba iliyo kubwa zaidi.

Wengi huumia hapa, kwa sababu mikoba mingi hutengenezwa kwa vipimo vya A ilhali mabango mengi hupigwa chapa kwa inchi. A2 ni sentimita 42 kwa 59.4. A1 ni 59.4 kwa 84.1. A0 ni 84.1 kwa 118.9. Sasa chukua bango la inchi 24 kwa 36: ni sentimita 61 kwa 91.4. Halingii kwenye A1, upana wala urefu. La inchi 18 kwa 24 ni 45.7 kwa 61, nalo linaizidi A2. Bango la filamu la inchi 27 kwa 40 (68.6 kwa 101.6) ndilo la hila kuliko yote: kwenye B1, ambayo ni 70.7 kwa 100, upana unatosha ila urefu unazidi kwa sentimita 1.6. Mtu hulisukuma hivyo hivyo, na baada ya miezi miwili ukingo wa chini umejikunja na haunyooki tena.

Ukisoma "A1" kwenye tangazo la muuzaji, uliza ni A1 ya wapi. Wengine hutaja ganda la nje, wengine karatasi inayotakiwa kuingia, wengine kipande cha plastiki kabla hakijachomelewa. Namba unayoitaka ni upana na urefu wa ndani wa mfuko, kutoka mshono hadi mshono. Mfuko uizidi karatasi kwa sentimita 1 hadi 2 kwa upana, na vivyo hivyo kwa urefu. Chini ya hapo utabana: karatasi hutanuka kidogo hewa ikiwa na unyevu, na ikikosa nafasi hujipinda mawimbi. Lakini mfuko uliozidi sana nao hauna faida. Picha ya A3 ndani ya mfuko wa A1 huteleza huku na huko kila ukiinua mkoba, ikajigonga pembe. Kama una picha ndogo chache, kata kadi isiyo na asidi iwe sawa na mfuko, kisha shikiza picha juu yake kwa vipembe vya karatasi kwenye kona zote nne. Gundi na selotepu visiguse picha kabisa.

Ganda la nje lizidi mifuko kwa sentimita 2 au 3 kila upande, ili mkoba ukidondoka kwa pembe, pigo liishie kwenye nafasi tupu.

Plastiki

Plastiki tatu zinafaa: polipropilini, polietilini na poliesta. Moja haifai: PVC, hasa ile laini. Ulaini wake unatokana na vilainishi ambavyo havikai mahali pamoja. Hutoka taratibu, vikaufanya uso wa plastiki unate, na kitu cha kwanza vinachokutana nacho ni wino. Picha hugandana na mfuko, na ukiitoa kwa nguvu rangi hubaki kwenye plastiki. Isitoshe, PVC inapochakaa hutoa asidi, na asidi hula karatasi.

Usitegemee maneno "haina asidi" au "ya kudumu" yaliyobandikwa kwenye pakiti. Kila mtu anaweza kuyaandika. Tafuta jina la plastiki. Likikosekana, ichukulie kuwa PVC mpaka ithibitike vinginevyo. Pakiti ikisema bidhaa imefaulu jaribio la PAT, lililo kwenye kiwango cha ISO 18916, hilo ni neno lenye uzito, kwa sababu jaribio hilo hupima kama kitu kinachogusana na picha kinaifanya ififie au itoke madoa.

Bila maelezo yoyote bado unaweza kujua. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka kona ya mfuko wa akiba. Jaza maji kwenye glasi, tia tone moja la sabuni ya vyombo, kizamishe kipande kwa kijiti na ukisugue hadi mapovu yaliyokishika yaachie. Kisha kiache. Polipropilini na polietilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kitapanda juu. PVC na poliesta huzama. Ukiruka hatua ya sabuni na kusugua, povu moja dogo linaweza kuipandisha PVC na kukudanganya.

Kilichozama bado kinahitaji kutambuliwa. Poliesta ni kavu mkononi, hutoa mlio wa kukwaruza ukiitikisa, ni angavu kama kioo na haivutiki. PVC laini hulegea kama kitambaa, hunata kidogo kwenye ngozi, na hunuka kama pazia jipya la bafuni. Harufu hiyo ukiipata mara unapofungua mkoba dukani, ufunge uurudishe.

Kuhusu unene, kwa A2 na kuendelea tafuta mikroni 75 hadi 125 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mfuko mwembamba zaidi hujikunja wenyewe na kuikunja picha pamoja nao.

Poliesta ndiyo bora kwa uangavu na ugumu, lakini ina umeme tuli mwingi. Huo hufyonza unga wa pasteli, mkaa na penseli laini. Michoro ya namna hiyo usiitie kwenye mfuko wa plastiki wowote. Iwekee jalada la karatasi lililokunjwa, ndani ya sanduku.

Ile karatasi nyeusi

Mifuko mingi huja na karatasi nyeusi katikati, ili picha ipendeze ukiionyesha. Kwa maonyesho ya wiki moja sawa. Kwa miaka, ichunguze. Lowesha pamba nyeupe kidogo, iminye, kisha isugue kwenye kona ya karatasi hiyo mara kumi. Pamba ikitoka na weusi, siku mkoba utakapopata unyevu weusi huo utahamia nyuma ya picha yako. Itoe yote. Kalamu ya kupima asidi, ambayo huacha alama ya zambarau kwenye karatasi salama na ya njano kwenye yenye asidi, haikusaidii hapa, maana juu ya karatasi nyeusi alama haionekani.

Badala yake weka kadi nyeupe isiyo na asidi wala lignini, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Lignini ni ile sehemu ya mti inayoifanya karatasi ya gazeti iwe njano ikikaa juani. Kadi nyingi nzuri zimetiwa kalsiamu kaboneti ili zizime asidi itakayojitokeza baadaye, na kwa mabango ya kawaida hilo ni jambo jema. Sianotaipu, zile picha za bluu, ndizo zisizotaka: kalsiamu hiyo ni alkali, na alkali huzififisha. Hizo zitafutie kadi isiyo na asidi ambayo pia haikutiwa kalsiamu.

Kurasa zifungwe vipi

Kabla hujapenda pete za kushikia kurasa, piga hesabu ya uzito. Ni rahisi, kwa kuwa A0 ni mita moja ya mraba: A1 ni nusu yake, A2 ni robo. Chapa ya A1 kwenye karatasi ya gramu 300 ina gramu 150, na ishirini zina kilo 3. Mfuko wa poliesta wa A1 wenye unene wa mikroni 100, pande mbili, unakaribia gramu 140. Ishirini ni kilo 2.8. Umefika karibu kilo 6 kabla ya kadi za katikati na ganda lenyewe, na mkoba ukisimamishwa mzigo wote unaning'inia kwenye matundu machache ya plastiki.

Pete ni nzuri hadi A3. A2 huvumilika kama kurasa hazizidi kumi. Kwa A1 matundu huchanika, kurasa hushuka na kujikunja upande wa chini, na pete zikiacha upenyo mdogo tu kurasa hukwama unapofungua na kufunga. Skrubu za kupitisha kwenye uti (mgongo wa mkoba) ni imara zaidi na kurasa hulala sawasawa, ila kubadilisha mpangilio ni kazi ya kukaa chini na bisibisi. Kwa A1 na zaidi, chaguo langu ni ganda gumu lisilo na pete wala skrubu, picha zikiwa kwenye mifuko huru iliyopangwa moja juu ya nyingine. Halipendezi machoni mwa mteja, lakini halichani kitu.

Mfuko mmoja, picha moja. Mbili zinaweza kukaa zikipeana mgongo, kadi ikiwa katikati. Usijaze mkoba zaidi ya robo tatu ya unene wake. Ukihitaji kuusukuma kwa goti ndipo zipu ifunge, umezidisha.

Ganda

Uangalie uti kwanza. Uwe na unene wa kweli, sentimita 2 hadi 4, wala usiwe mkunjo mtupu, la sivyo kurasa zote hupindwa upande mmoja. Bonyeza katikati ya jalada kwa kiganja: likizama, halitazuia pigo. Zipu izunguke pande tatu na iwe na ulimi wa kitambaa kwa ndani, kwa sababu meno ya chuma yakigusa kingo za karatasi hukwangua. Mshikio uwe upande mrefu. Plastiki yenye mifereji ndani ni nyepesi na haifyonzi maji. Kadibodi iliyofunikwa kitambaa ni nzito na hulowa, lakini hainyongeki.

Kuingiza picha

Subiri wino ukauke. Picha ya printa ya wino ilale nje ya mfuko saa 24 au zaidi, imefunikwa karatasi ya kawaida. Vimiminika vilivyobaki kwenye wino hutoka kama mvuke, na ukiifungia mapema utakuta utando wa ukungu ndani ya plastiki. Chapa ya wino wa mafuta huchukua siku nyingi zaidi, pengine wiki. Weka karatasi nyembamba juu ya sehemu yenye wino mzito, isugue kwa ukucha, igeuze uone. Kama kuna alama, bado.

Bango lililotoka kwenye bomba usilikunje kinyume ili linyooke. Hapo ndipo michirizi hutokea. Litandaze kati ya karatasi mbili safi, weka ubao juu na uzito mdogo uliosambaa, uliache siku tatu hadi saba.

Nawa mikono, ikaushe. Kunja karatasi safi katikati iwe kama kitabu kipana kuliko picha, iweke picha ndani yake, kisha telezesha vyote kwenye mfuko. Picha ikifika mwisho, ishikilie kwa kidole kupitia plastiki, uivute karatasi ya nje itoke peke yake. Ukiisukuma picha yenyewe kwa ukingo, kona ya kwanza kukwama kwenye mshono ndiyo ya kwanza kuvunjika. Andika jina na tarehe kwa penseli nyuma ya picha, pembeni, kabla hujaiingiza. Kalamu ya wino hupenya.

Mahali pa kuuweka

Ulazwe. Kusimama ni kwa safari ya saa chache. Ukiegemezwa ukutani kwa miezi, karatasi huteremka na kutuna chini. Ukiweka mikoba juu ya mingine isizidi mitatu, mkubwa ukiwa chini. Uinue kama sentimita 10 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje na bomba la maji.

Unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50 unafaa. Ukikaa juu ya 65 kwa muda mrefu kuvu huota, na ndani ya plastiki iliyofungwa huota bila kuonekana. Kipima unyevu kidogo kando ya mkoba kinatosha. Vipakiti vya silika husaidia mradi havigusi picha na vinakaushwa mara kwa mara, kwani vikishiba ni mchanga tu. Kila baada ya miezi sita fungua, pekua kurasa zote, nusa, angalia wadudu kwenye uti. Siku za unyevu mwingi usifungue.

Mikoba ikifika minne au mitano ya A1, hesabu upya: kabati la droo bapa hula nafasi ileile sakafuni, na kuitoa picha ya chini kabisa hakukulazimu kuhamisha kilo ishirini zilizo juu yake.