Jinsi ya kuomba udaktari Marekani wakati GPA yako ya chuo ilianguka

Mwongozo huu ni wa wewe uliyemaliza, au unayekaribia kumaliza, shahada ya kwanza hapa Marekani ukiwa na GPA ya 2.7, 2.9 au 3.1, na moyo wako bado uko kwenye udaktari. Nawajua wengi wenu mlivyosoma: mchana darasani, usiku zamu ya kulea wazee au kubeba boksi, na katikati unaitwa kumtafsiria mama hospitalini. Mwaka wa kwanza na wa pili alama zikaporomoka. Nitarudia jambo hili hadi mwisho: usikimbilie kuomba. Rekebisha kwanza, kisha omba mara moja, mapema, ukiwa umekamilika. Maombi ya pupa yanakula hela, na chuo ulichokiomba kinabaki na kumbukumbu yako.

1. Piga hesabu ya GPA watakayoiona wao

Namba iliyo kwenye transkripti yako siyo itakayotumika. Maombi ya vyuo vingi vya shahada ya MD, ile ya kawaida ya udaktari, hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Mfumo huo unachukua kila kozi uliyowahi kusoma katika chuo chochote cha Marekani au Kanada, hata ile moja ya kiangazi pale komyuniti koleji, na kuanza hesabu upya. Huku hakuna sapu. Ukifeli kozi, ukairudia na kupata A, chuo chako kinaweza kukufutia ile F, lakini AMCAS inazihesabu zote mbili. AACOMAS, mfumo wa vyuo vya shahada ya DO (udaktari wa osteopathia, njia ya pili ya kuwa daktari kamili Marekani), zamani ulikubali alama mpya izike ya zamani, ila ukaacha mwaka 2017. Ushauri wowote uliobaki ukizunguka kwamba "DO wanafuta alama" umepitwa na wakati.

Utapata pia GPA ya pili, ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Hiyo nayo wanaiangalia kwa makini.

Sasa chukua kalamu. Tuseme una krediti 120 na GPA ya 2.8. Hizo ni pointi 336. Ukiongeza krediti 30 zenye A tupu, yaani pointi 120, unapata 456 kugawanya kwa 150: ni 3.04. Mwaka mzima wa jasho, namba imesogea kwa 0.24 tu, wakati wanaoingia MD wana wastani unaokaribia 3.8. Najua inauma kuiona. Lakini angalia tena fomu yenyewe: AMCAS inaipanga GPA mwaka kwa mwaka, na krediti za baada ya kuhitimu zinapewa mstari wake. Msomaji anaona 2.4, 2.6, 3.0, 3.2, halafu 4.0. Mstari huo wa mwisho ndio utakaokutetea, na ndiyo sababu ya kuurekebisha mwendo wako kabla ya kuomba.

Kwa aliyesoma shahada Dar, Nairobi au Bukavu habari ni tofauti. Alama za nje AMCAS haizihesabu kabisa. Chuo chako unakiorodhesha, ila GPA yako itaanza na krediti za Marekani au Kanada, na vyuo vingi havitakuangalia bila kiasi fulani cha hizo. Soma masharti ya kila chuo. Kama ulihitimu nyumbani na alama dhaifu, hapa unaanza na karatasi nyeupe. Itunze.

2. Rekebisha alama

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kuchukua kozi za ngazi ya shahada ya kwanza ukiwa umeshahitimu; hizi zinaingia kwenye GPA yako kuu. Ya pili ni programu za uzamili zilizotengenezwa kwa ajili ya wanaotaka udaktari, ambamo mara nyingine unasoma masomo yaleyale ya mwaka wa kwanza wa udaktari. GPA ya uzamili huandikwa kando, haiinui ile ya zamani hata kidogo.

Maoni yangu ni haya: ukiwa chini ya 3.0, anza na njia ya kwanza. Uzamili ni ghali, na ukipata B nyingi mle ndani, umeshathibitisha kile walichokuwa wakikihofia. Nenda huko ukiwa tayari unapata A. Kozi za msingi zinaweza kuchukuliwa komyuniti koleji, lakini baiokemia, fiziolojia na biolojia ya seli zisomee chuo cha miaka minne, wasije wakadhani umetafuta mteremko.

Na punguza saa za kazi. Hili nalisema nikijua kodi ya nyumba inakungoja na kuna wa nyumbani wanaongoja utume chochote. Kozi mbili zenye A zina faida kubwa kuliko nne zenye B. Kaa na familia, waeleze kwamba kwa miezi 18 utatuma kidogo, ili wasikuone umewasahau.

Mkaazi wa Texas ana mlango wa ziada. Sheria ya jimbo inamruhusu aombe krediti zote zenye umri wa miaka 10 au zaidi zisihesabiwe katika vyuo vya umma vya Texas. Zikifutwa zinafutwa zote, nzuri na mbaya, pamoja na shahada iliyotokana nazo, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

3. Omba msaada wa ada kabla hujalipa chochote

AAMC, taasisi inayoendesha AMCAS na MCAT, yaani mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, ina mpango wa kuwapunguzia ada wenye kipato kidogo. Raia na wenye grinikadi wanaweza kuomba, na waliopewa hadhi ya ukimbizi pia. Mpango huo unapunguza ada ya mtihani, unatoa vifaa vya kujisomea, na unafuta ada ya AMCAS kwa vyuo hadi 20. Lakini hauendi kinyumenyume: ukishalipia MCAT, hela hairudi. Katika msimu wa 2025 AMCAS ilitoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila kilichofuata. Fanya hesabu ya vyuo 20 uone.

4. Fanya MCAT mara moja, ukiwa tayari

Alama zinaanzia 472 hadi 528, na wanaoingia MD wana wastani wa karibu 512. Mwenye GPA dhaifu anahitaji kufika hapo au kupita, kwa sababu mtihani huu ndio unaosema kama zile C zilikuwa za akili au za uchovu. Unaruhusiwa mara 3 kwa mwaka mmoja, 4 kwa miaka miwili, 7 kwa maisha yote, na vyuo vinaona alama zote. Usiende "kujaribu". Fanya mitihani kamili ya mazoezi, saa zote umekaa kitini, mpaka iwe inakupa alama unayoitaka mara kwa mara, ndipo ushike tarehe.

5. Jaza AMCAS

Fomu hufunguliwa mapema Mei, na kuiwasilisha huanza mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Wiki hizo za kwanza ndizo zako. Uhakiki wa alama unaweza kuchukua wiki kadhaa foleni ikijaa, na vyuo vingi hugawa nafasi za usaili kadiri maombi yanavyoingia. Agiza transkripti kutoka kila chuo ulichopita, hata kile ulichoacha baada ya muhula mmoja. Ukikificha na kikagunduliwa, hilo ni kosa kubwa kuliko F yoyote.

Insha kuu ina herufi 5,300 pamoja na nafasi. Iandike kuhusu wagonjwa na kwa nini udaktari. Isiwe kesi ya kujitetea kuhusu alama. Kazi na shughuli ni hadi 15, na ile zamu ya kulea wazee ni mojawapo. Nimeona vijana wetu wakiiacha kwa kuona aibu, nayo ndiyo iliyowafundisha kumgeuza mgonjwa kitandani na kumsikiliza saa tisa za usiku. Iandike kwa fahari.

Maelezo ya alama yana mahali pake: kisehemu cha hiari cha herufi 1,325 kuhusu mazingira uliyotoka, au insha za pili, yaani zile ambazo kila chuo hukuomba chenyewe baada ya fomu ya AMCAS. Usiandike "nilipitia changamoto nyingi zilizoathiri masomo yangu." Andika hivi, kwa Kiingereza chako safi: "Mwaka wa pili nilifanya zamu za usiku saa 32 kwa wiki baada ya baba kuumia kazini. Nikapata C- ya kemia ya kaboni. Mwaka 2023 nilishuka hadi saa 12, na tangu hapo nimemaliza krediti 34 za sayansi, zote A isipokuwa B+ moja." Sababu, tarehe, namba, basi. Usimlaumu mwalimu.

Barua za mapendekezo zitafute kwa maprofesa wa hizi kozi mpya, waliokuona ukiwa umesimama imara.

6. Chagua vyuo kwa akili

Anza na vyuo vya umma vya jimbo lako, maana vinapendelea wakaazi. Weka vya DO bila kusita: tangu 2020 wahitimu wa MD na DO wanaingia mfumo mmoja wa mafunzo ya ubingwa. Vitazame pia Howard, Meharry na Morehouse, vyuo vya kihistoria vya Weusi. Kama huna uraia wala grinikadi, uliza kila chuo mapema, kwani vingi havichukui wanafunzi wa viza.

Vyuo vya visiwa vya Karibiani vitakukubali haraka. Hapo tulia. Uliza wangapi walioanza walimaliza, na wangapi walipata nafasi ya ubingwa Marekani. Uliza na mkopo: kuanzia Julai 1, 2026, mikopo mipya ya serikali kuu kwa udaktari ina kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla.

7. Insha za pili, usaili, na majibu

Insha za pili huanza kumiminika Julai. Jibu kila moja ndani ya wiki mbili. Kwenye usaili wakikuuliza kuhusu alama, toa yale maelezo mafupi kisha uongelee unavyosoma sasa.

Ukikosa, waandikie ofisi ya udahili kuuliza pengo lilikuwa wapi. Baadhi hujibu kwa undani. Usiombe tena mwaka unaofuata kama hakuna kilichobadilika kwenye fomu. Subiri hadi uwe na alama mpya, MCAT mpya au mwaka mzima wa kazi kliniki, halafu fungua AMCAS Mei inayofuata.