Kocha huyu anaifaa timu ya wakongwe wenye majeraha? Namna ya kumpima

Timu ikiwa na nyota wa miaka 34, 36, 38, na kila wiki kuna mmoja anayechechemea, watu humpima kocha kwa ushindi na vipigo tu. Kipimo hicho hakitoshi. Kocha wa timu ya namna hii amekabidhiwa dakika chache zilizobaki miguuni mwa watu, na kazi yake kubwa ni kujua azitumie wapi. Nimechambua mechi za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa miaka mingi, daftari mkononi, na huu ndio utaratibu ninaoufuata kabla sijasema fulani anafaa au hafai. Mfano nitakaorudi kwake ni Lakers ya 2012–13, kwa sababu ina kila kitu.

Hatua ya 1: Orodhesha miili kwanza

Kocha mwache kando. Andika jina la kila mchezaji muhimu, umri wake, mechi alizocheza kati ya 82 katika kila msimu kwa misimu 3 iliyopita, na kiungo kinachomsumbua. Kisha gawa majeraha mafungu mawili. Kuna ajali: kidole kilichogongwa, kifundo kilichopinduka baada ya kukanyaga mguu wa mtu. Na kuna majeraha ya uchovu: msuli wa nyuma ya paja unaokaza mara kwa mara, goti linalovimba kila timu inapocheza siku mbili mfululizo. Fungu la kwanza kocha halimhusu. La pili lazima aulizwe.

Tazama Lakers. Steve Nash, miaka 38, alivunjika mguu kwenye mechi ya 2 ya msimu alipogongana na Damian Lillard wa Portland. Hiyo ni ajali, tena kocha wakati huo alikuwa Mike Brown, aliyefukuzwa baada ya mechi 5 tu. Mike D'Antoni alipoletwa Novemba alimkuta Nash ameshaumia, Dwight Howard ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo mwezi Aprili, Kobe Bryant ana miaka 34 na Pau Gasol 32. Anayemlaumu D'Antoni kwa mguu wa Nash ameanza vibaya.

Hatua ya 2: Hesabu dakika

Hapa kaa sana. Mechi ina dakika 48, wachezaji 5 uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa kila usiku. Fungua takwimu za mechi 10 za karibuni, ujumlishe dakika za kila aliyevuka miaka 33. Wastani ukipita 35, weka alama nyekundu. Sifuati kanuni ya kitabibu hapo. Ni mstari wangu mwenyewe niliouchora baada ya kuangalia wengi wakiishiwa nguvu mwezi Machi.

Kipimo cha juu kabisa ninachokijua ni Spurs ya 2013–14 chini ya Gregg Popovich. Walishinda mechi 62 bila mchezaji hata mmoja kufikisha wastani wa dakika 30. Ilipofika Juni, Tim Duncan wa miaka 38 na Manu Ginobili wa miaka 36 bado walikuwa na pumzi, na Miami ikafungwa kwa mechi 4–1 katika fainali. Popovich alikuwa ameshalipia imani hiyo ya kupumzisha watu: Novemba 2012 aliwarudisha nyumbani wachezaji wanne wapumzike kabla ya mechi ya Miami, na ligi ikaitoza klabu faini ya dola 250,000.

Siku hizi kupumzisha nyota kumebanwa zaidi. Tangu msimu wa 2023–24, timu haitakiwi kuwakosesha nyota wawili mechi moja bila sababu inayokubalika, na mchezaji anahitaji kwa kawaida mechi 65 ili afikiriwe kwa tuzo kubwa. Waliotimiza miaka 35, au waliobeba mzigo mkubwa wa dakika na mechi, wanaweza kuombewa ruhusa mapema wasicheze siku mbili mfululizo. Basi angalia kama kocha na klabu yake wanaitumia nafasi hiyo. Anayeiacha ipite wakati ana mkongwe mwenye goti bovu, mwandikie kosa.

Halafu tafuta dakika ambazo hazikuhitajika. Timu inaongoza kwa pointi nyingi, saa inayoyoma, nani bado yumo? Aprili 28, 2012, Chicago ilikuwa inaongoza Philadelphia kwa pointi 12, imebaki dakika 1 na sekunde 22, nyota wake Derrick Rose akaruka katikati ya walinzi na kano ya goti ikakatika. Alikuwa kijana wa miaka 23, ila msimu huo alishakosa mechi 27 kati ya 66 za msimu uliofupishwa, kwa majeraha. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba angepona kama angekuwa benchi, kwani goti lile lingeweza kukatika robo ya kwanza. Lakini mwili unaokuja mchujo, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, na historia ile haupaswi kuwa uwanjani wakati ule. Hilo nalishikilia hadi leo.

Hatua ya 3: Linganisha mfumo na miguu

Angalia saa ya kurushia, ile ya sekunde 24. Timu inarusha sekunde ngapi zikiwa zimebaki? Mtindo wa kukimbiza mpira mapema uliompa D'Antoni jina kule Phoenix unadai miguu ambayo Lakers hawakuwa nayo. Gasol, fundi wa kucheza akiwa amempa kikapu mgongo, alisogezwa mbali na kikapu, na kuna wakati akaanzia benchi. Ukiona mchezaji bora anafanya kile asichokiweza vizuri ili mfumo usiguswe, umeshapata jibu.

Kinyume chake ni Rick Carlisle na Dallas ya 2011. Jason Kidd alikuwa na miaka 38, Caron Butler alikuwa nje kwa goti tangu Januari. Carlisle alichanganya ulinzi wa kanda, yaani kila mtu kulinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, ili wazee wasikimbizane na vijana usiku kucha. Katika fainali, akiwa nyuma 2–1, alimwanzisha J.J. Barea mfupi na mwepesi mechi ya 4. Dallas ikashinda tatu mfululizo na kuchukua ubingwa.

Hatua ya 4: Tazama mechi 3 baada ya nyota kuumia

Kipya kinyemi, ndiyo maana kocha mgeni husifiwa mapema. Msubiri nyota aanguke. Kocha wa kawaida hutoa mtu na kuingiza mtu, mchezo ukabaki uleule. Tyronn Lue wa Clippers, Juni 2021, alimpoteza Kawhi Leonard baada ya mechi ya 4 dhidi ya Utah, wakiwa 2–2. Aliendelea na kikosi kifupi kisicho na senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, na Rudy Gobert, senta wa Utah, akalazimika kuchagua kati ya kulinda kikapu na kumfuata mrushaji kwenye kona. Mechi ya 6 Clippers walikuwa nyuma kwa pointi 25. Rudia mkanda ule ukimwangalia Gobert peke yake: kila mpira unapopenya ndani anarudi hatua mbili, na Terance Mann wa Clippers anabaki huru. Mann alifunga 39, na Clippers wakashinda.

Hatua ya 5: Toa hukumu kwa vipande

Usitoe alama moja. Jibu kila jeraha na kila uamuzi peke yake, tena usianze kabla ya mechi 20.

D'Antoni kwangu yuko hivi. Mguu wa Nash na mgongo wa Howard: hahusiki. Gasol: alikosea. Kobe: Aprili 10, 2013 alicheza dakika zote 48 kule Portland, siku mbili baadaye kano yake ya kisigino ikakatika dhidi ya Golden State, zikiwa zimebaki dakika 3 hivi. Timu ilikuwa inawania nafasi ya mwisho ya mchujo na Kobe mwenyewe alitaka kucheza. Kocha wa kuifaa timu ile angemkalisha dakika 4 mwanzoni mwa robo ya pili kila usiku, na kukubali kununiwa.