Somo: Kuwafunza Wanafunzi Kupima Habari za Mtandaoni, Hata kwa Simu Moja Darasani

Walimu wenzangu, shule nyingi hapa Nairobi hufunza usalama wa mtandaoni kwa makatazo: usifungue hiki, usiongee na yule. Mwanafunzi huitikia, kisha jioni anachukua simu ya mamake na kusambaza uvumi uleule. Naamini kazi yetu ya kwanza ni kumjengea zoea moja: kabla hajauamini ujumbe, atoke nje ya ujumbe huo akaulizie kwingine. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha kuanza, na maabara ya kompyuta si lazima.

Hatua ya 1: Anza na ujumbe wanaoujua

Msimu wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari, unapokaribia, vikundi vya Telegram vinavyodai kuuza karatasi za mtihani huzagaa. Tunga ujumbe wa aina hiyo, uchapishe au uuandike ubaoni: nembo ya KNEC (Baraza la Mitihani la Kenya), ahadi kwamba karatasi "zimethibitishwa", mahali pa kutuma pesa, na maneno "nafasi zimebaki chache". Usiweke nambari ya simu ya mtu yeyote.

Uliza ni nani amewahi kuona kitu kama hicho. Tafadhali usimkemee anayeinua mkono. Ukimkemea mmoja, darasa zima litanyamaza na somo limeishia hapo.

Hatua ya 2: Watoe nje ya ukurasa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Wape dakika chache waseme kama wanauamini ujumbe, na kwa nini. Watataja nembo, lugha safi, wingi wa wafuasi. Yote hayo yamo ndani ya ujumbe wenyewe, na yote yanaweza kughushiwa.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa wanahistoria wenye shahada ya uzamifu, wanafunzi wa chuo na wakaguzi wa habari (watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa madai) kurasa za mtandaoni wazipime. Wanahistoria na wanafunzi walibaki palepale wakisoma, na mara nyingi sura ya ukurasa iliwadanganya. Wakaguzi walitupa jicho tu, wakafungua kurasa nyingine kuona watu wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa huo. Wao ndio waliofika kwenye ukweli haraka. Kwa hiyo siwaambii wanafunzi "someni kwa makini" kama jambo la kwanza. Kusoma kwa makini kuna zamu yake, baada ya kujua unamsoma nani.

Sasa ligawe darasa katika makundi matatu. La kwanza: anayeuza ni nani, na tunaweza kuthibitisha vipi? La pili: karatasi za KCSE huhifadhiwa wapi? La tatu: magazeti yameandika nini kuhusu wauzaji wa aina hii? Kundi la pili ndilo huamsha darasa. Litagundua kwamba tangu 2016 karatasi hukaa katika makontena ya chuma yanayolindwa na polisi, na huchukuliwa siku ya mtihani yenyewe. Waachie wenyewe wajiulize mtu wa Telegram amezipata vipi wiki mbili mapema.

Hatua ya 3: Picha na ujumbe wa kupokezana

Mvua ya masika ikifurika Mathare, picha za mafuriko ya mwaka mwingine au nchi nyingine huanza kuzunguka. Waonyeshe kwa simu yako jinsi ya kutafuta chanzo cha picha kwa Google Lens au TinEye. Waonyeshe pia alama ya mishale miwili kwenye WhatsApp: maana yake ujumbe umepitishwa mara tano au zaidi. Alama hiyo haithibitishi kwamba ni uongo, ila inakujulisha kwamba aliyekutumia huenda hajui ulikotoka.

Hatua ya 4: Anwani

Fupi tu. Anwani ya tovuti inayoishia .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ni ya vyuo, .sc.ke ni ya shule za msingi na sekondari. Tangazo la "serikali" lililo kwenye anwani nyingine lithibitishwe kwanza.

Hatua ya 5: Kujilinda na kuwalinda wengine

Wachore kwenye karatasi ukurasa wa Facebook wa mwanafunzi wa kubuni: picha akiwa na sare yenye nembo, steji anayopandia matatu, saa anayotoka shuleni. Kisha uliza: mtu asiyemjua angempata wapi kesho? Zoezi hili huwagusa kuliko hotuba yoyote.

Malizia na mambo mawili. Nambari ya siri ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp haipewi mtu, hata rafiki. Na waambie wazi kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 ilipopitishwa iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa anayechapisha uongo akijua ni uongo.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu wa Gredi ya 8, Kayole:* Mwalimu, sisi hatuna intaneti kabisa na simu za wanafunzi zimepigwa marufuku. Hatua ya 2 nitaifanyaje?

Mwalimu, chapisha makala matatu au manne ya magazeti mapema, uyabandike kwenye pembe za darasa. Kundi linaondoka kwenye dawati kwenda kutafuta jibu, na zoea ni lilelile. Ukipata ruhusa, wapeleke Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931, au matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

*Mwalimu wa Kiswahili, Kibra:* Insha zangu sasa zinaandikwa na akili mnemba. Nikamate vipi?

Ningeacha kukamata. Programu zinazodai kutambua maandishi hayo huwasingizia wasio na hatia. Dai kila mwanafunzi alete chanzo cha kila dai muhimu, chanzo unachoweza kukifungua. Akili mnemba hubuni vitabu na waandishi wasiokuwepo, na mwanafunzi akikitafuta kitabu asikione, atakuwa amejifunza alichohitaji. Kisha muulize maswali mawili ana kwa ana.

*Mzazi, Umoja:* Mwalimu, binti yangu wa miaka 14 anatishiwa na mtu wa Facebook kwamba atasambaza picha zake asipotuma pesa.

Pole sana, mama. Kwanza mhakikishie mtoto kwamba hana kosa. Msilipe, maana anayelipwa hurudi. Msifute mazungumzo, pigeni picha za skrini za vitisho, lakini msimtumie mtu yeyote picha zenyewe. Pigeni 116, nambari ya simu ya kuwasaidia watoto, ni bure, kisha mripoti kituo cha polisi. Kuna pia huduma ya Take It Down, inayosaidia kuzuia picha za watoto kwenye mitandao inayoshirikiana nayo bila picha kutoka kwenye simu yenu.

*Mwalimu mkuu, Kasarani:* Je, picha za wanafunzi kwenye ukurasa wa shule zina shida?

Zina shida bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka, na 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa sababu hiyo. Andaa fomu ya kila muhula, muulize pia mtoto mwenyewe, na mzazi akibadilisha nia, picha itolewe siku hiyohiyo. Kwa hafla kubwa, piga picha kutoka nyuma ya wanafunzi, nyuso zisionekane.