Paka aliyeungua na moto wa porini usimpe Panadol

Jamani watu wa Dodoma, kiangazi hiki mapori yakiwaka huko pembeni ya mji, ukimuona paka kaingia uani masharubu yamejikunja kwa moto na anatembea kama anakanyaga miba, usimfukuze. Mara nyingi nyayo ndo zimeungua, kama ni muda huo huo mmwagilie maji ya kawaida taratibu dakika 10 hivi, siyo barafu, siyo dawa ya meno wala mafuta ya kula, hivyo vinazidisha tu. Na tafadhali sana Panadol hapana, hata nusu kidonge inaweza kumuua, ini la paka haliiwezi kabisa ile dawa. Mfunike na kanga umtie kwenye boksi lenye matundu umpeleke kwa daktari wa mifugo, hasa akiwa anahema mdomo wazi maana huenda moshi umeshamdhuru mapafu. Wako akipotea mtafute usiku kukitulia, tochi mkononi na dagaa, wengi wanajificha karibu tu, kwenye kalavati au katikati ya mawe. Akikung'ata, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa hata paka anaambukiza.