Jinsi ya kuuza kazi yako kwenye kundi la wafumaji bila kutolewa

Siku niliyotolewa kwenye kundi langu la kwanza la WhatsApp la kroshia, yaani kufuma uzi kwa ndoano, niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimemaliza seti ya vitambaa vya viti saba, rangi ya maziwa na ukingo wa kahawia, kazi ya wiki tano: asubuhi ndani ya matatu, jioni mbele ya taarifa ya habari. Nikapiga picha kumi na nne, nikazituma kundini mfululizo, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa, AGIZA SASA, BEI POA, NJOO INBOKSI. Kisha nikaenda kuoga.

Niliporudi nilikuta nimeshatolewa. Usiku ule mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mamake, na mimi sikuwa nimefungua kundi tangu jana yake mchana. Picha zangu zilikuwa zimejipanga kati ya salamu za pole na nambari ya kutuma mchango kwa M-Pesa. Aliyetaka kuchanga ilimbidi azipite picha zangu kumi na nne kwanza.

Siku hizi mimi mwenyewe ni mmoja wa maadmini wa kundi la wafumaji hapa Nairobi, na ninauza kuliko wakati ule. Utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Jua umeingia nyumba gani

Makundi hayafanani. Kuna ya kujifunza, kuna ya wauza uzi, kuna ya kuuza vilivyofumwa, na kuna yale ambayo yalianza kwa kroshia yakaishia kuwa chama cha kuweka akiba. Gusa jina la kundi pale juu usome maelezo yake, kisha rudi nyuma usome mazungumzo ya wiki mbili. Unatafuta majibu matatu tu: kuuza kunaruhusiwa? Siku gani? Nani wa kuulizwa? Makundi mengi niliyomo yana siku moja ya soko kwa wiki, na siku nyingine ni za mazungumzo.

Hakikisha pia ni kroshia ipi. Hapa Nairobi ukitaja kroshia, wengi wanafikiria nywele. Niliwahi kujiunga na kundi moja kwa furaha, nikasalimia, na kabla sijakaa vizuri nikaulizwa kichwa kizima nasuka kwa pesa ngapi na kama ninawafuata wateja nyumbani.

Hatua ya 2: Mkono utangulie, bidhaa ifuate

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ni jambo lililonichukua muda kulielewa: wafumaji wenzako si wateja wako. Marvin, yaani kofia ya baridi, unayotaka kumuuzia mfumaji, anaweza kuifuma mwenyewe akiwa kwenye foleni ya benki. Lakini mfumaji huyo huyo, ikifika Julai na baridi imeshika mji, ataletewa oda ya marvin 40 za kikundi cha kanisa na mikono anayo miwili tu. Atamtafuta mtu wa kugawana naye. Hatamtafuta aliyepiga kelele zaidi kundini. Atamtafuta yule ambaye ameshaona mishono yake na anajua haitamwaibisha. Wateja wangu wakubwa, wengi hatujawahi kuonana kwenye kundi lolote. Waliletwa na wafumaji.

Kwa hivyo onyesha mkono. Njia rahisi ni kumsaidia aliyekwama. Mtu akituma picha ya kitambaa cha mviringo ambacho ukingo wake umejikunja kama jani la sukuma wiki, mwambie ahesabu. Kwa mishono mirefu, ile ambayo unazungusha uzi mara moja kwenye ndoano kabla ya kuchoma, duara huanza na mishono 12 na kila mzunguko huongezwa 12: 24, 36, 48. Kwa mishono mifupi huwa ni 6 na nyongeza ya 6. Ukizidisha nyongeza, ukingo unafanya mawimbi. Ukipunguza, kitambaa kinainuka kama bakuli. Unene wa uzi na mkono wa mtu vinaweza kuisogeza hesabu kidogo, lakini pa kuanzia ni hapo. Piga picha ya duara lako ukiwa umelilaza mezani, weka kidole pale ulipoongeza, tuma. Picha moja. Hiyo ni tangazo tosha na hakuna atakayelalamika.

Ila usikimbilie kumsahihisha mtu. Uliza kwanza anafuata maelezo ya Uingereza au ya Marekani. Shono ambalo Wamarekani huliita single crochet ndilo Waingereza huliita double crochet, na double crochet ya Wamarekani ni treble ya Waingereza. Kina mama waliofundishwa zamani kwa vitabu vya Uingereza na vijana waliofundishwa na YouTube wanaweza kubishana jioni nzima kuhusu shono moja, wote wakiwa sahihi. Nimeyaona, na nimewahi kuyachochea kwa ujuaji wangu.

Hatua ya 3: Picha

Mwanga wa dirishani, asubuhi, bila fulashi na bila vichujio vya kubadilisha rangi. Picha ya kwanza kitu kizima, ya pili mishono kwa karibu, ya tatu upande wa nyuma. Wafumaji hugeuza kitu kabla ya kukisifu, basi kigeuze wewe mwenyewe. Weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.

Ukiwa umemfumia mtoto wa mteja sweta, usiposti sura yake kwa sababu tu mama alikutumia picha ya kukushukuru. Omba ruhusa, na jibu likae kwa maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haichezi: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Mimi siku hizi nalaza sweta kitandani na kulipiga picha likiwa tupu. Linapendeza vilevile.

Hatua ya 4: Andika tangazo la mtu mzima

Siku ya soko imefika. Hili hapa moja langu, kama lilivyotoka:

"Marvin ya mkono, saizi ya mtu mzima. Uzi wa akriliki, nyeusi na rangi ya haradali, ndoano ya mm 4. Inaoshwa kwa maji baridi. Nilifuma 3, zimebaki 2. Shilingi 700. Niko mjini Jumanne na Alhamisi, tunaweza kukutana Archives, au nitume na bodaboda, nauli juu yako. Unalipa ukishaishika."

Uzi na saizi ya ndoano nimevitaja kwa ajili ya wafumaji, kwa sababu hilo ndilo swali lao la kwanza, na ukilijibu mapema hata asiyenunua ameondoka na kitu. Idadi iliyobaki ni ya kweli; ukisema zimebaki mbili kila wiki kwa miezi mitatu, watu wanahesabu. Archives, jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya mji, kila mtu anaijua, hakuna atakayepotea.

Na bei imo ndani. Hii ya "bei njoo inboksi" ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mtu anakuja inboksi, unamwangalia picha ya wasifu, ukiona gari nyuma yake bei inapanda. Watu si wajinga, wanatumiana picha za mazungumzo. Ndani ya kundi la wafumaji ni vibaya zaidi, maana kila mmoja anajua uzi unauzwaje River Road na anaweza kupiga hesabu ya donge tatu kichwani kabla hujamaliza kujieleza. Kama bei yako inaona haya kusimama hadharani, irekebishe.

Hatua ya 5: Kiasi

Kundi la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Kila mmoja akituma picha moja tu kwa siku, piga hesabu ya bando. Kwenye mtandao wa Reddit kulizoeleka kanuni ya tisa kwa moja: kwa kila jambo lako la kujitangaza, mengine tisa yawe ya kuchangia. Mimi siandiki alama ukutani, lakini kabla ya kutuma tangazo najiuliza ni lini mara ya mwisho nilimjibu mtu. Nikikosa jibu, tangazo linangoja.

Ukiwa na picha kumi na nne kama mimi siku ile, zilizobaki zina kwao. Ziweke kwenye stetasi, zitakaa saa 24 na atakayeziona amezifuata mwenyewe. WhatsApp Business ina katalogi inayobeba hadi bidhaa 500, kila moja na bei yake. Kundini unaacha kiungo kimoja tu, siku ya soko. Ukitumia orodha ya matangazo (broadcast), ujumbe utawafikia waliohifadhi nambari yako tu, na hiyo ni neema: wasiokutaka hawasumbuki.

Usilolifanya kamwe ni kuingia kwenye orodha ya wanakundi, kunyofoa nambari zao na kuwaunganisha kwenye kundi lako jipya la kuuza. Mtu alitoa nambari yake ili afundishwe kufuma, hakuitoa ili auziwe. Ile sheria ya 2019 inataka uwe na ridhaa ya mtu kabla ya kutumia data yake kibiashara, na hata kama isingekuwepo, ni tabia ya kuingia jikoni kwa watu na kufunua sufuria.

Hatua ya 6: Ruwaza za watu

Umenunua mtandaoni ruwaza, yaani maelezo ya kufuma, ya mwanasesere kwa dola tano, sasa kundini wanakuomba: "Dada, turushie hiyo PDF." Usirushe. Maandishi na michoro ni mali ya aliyevitunga, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mishono yenyewe haina mwenyewe; hakuna aliyevumbua shono la mnyororo akalifungia kabatini. Kwa hivyo mweleze mtu shono gumu kwa maneno yako mwenyewe, mwoneshe kwa video ya mkono wako, kisha mpe mahali pa kununua. Ukiuza ulichofuma, soma kwanza masharti ya mtunzi, kwani wengine huruhusu kuuza na wengine hukataa, na umtaje jina unapoposti. Kuna wabunifu wa hapa hapa Nairobi wanaouza ruwaza zao, na wengine wamo kundini humo humo, kimya, wanaangalia.

Hatua ya 7: Kwenye kibanda cha jirani

Mwenzako ameposti poncho kwa 2,500. Usiandike chini yake kwamba wewe unazo za 1,800. Usiweke emoji ya mshangao. Usiulize kama bei inapungua ikiwa huna nia ya kununua. Na mtu akionesha blanketi alilomfumia mjukuu, mpongeze uishie hapo. Kumwambia angeliuza ngapi ni kumgeuzia zawadi kuwa bidhaa.

Kuhusu kuuza kwa bei ya kutupa, nina maoni makali. Anayefuma kama burudani na kuuza poncho kwa bei ya uzi tu anamharibia soko yule anayelipia kodi ya nyumba kwa mikono yake. Kama hutaki faida, gawa bure. Sweta la mitumba la soko la Gikomba tayari linatupiga vita vya kutosha.

Hatua ya 8: Ukishakosea

Usijitetee kundini, wala usilete binamu yako aje akutetee. Futa ujumbe kama bado inawezekana, kisha mwandikie admini kando, mistari michache.

Mimi nilichukua siku sita. Kwanza nilituma mchango wangu kwa nambari ile ile ambayo picha zangu ziliifunika. Halafu nikamwandikia admini, mama mmoja mwenye umri wa mamangu: "Shikamoo mama. Nilituma matangazo wakati wa msiba bila kusoma. Naomba radhi kwako na kwa aliyefiwa. Siombi kurudishwa, nilitaka tu ujue nimeona kosa langu." Shikamoo huku Nairobi si ya kila siku, lakini nilihisi ujumbe ule uliihitaji.

Alisoma. Alama mbili za buluu zikakaa hapo siku nzima bila neno. Jioni kikaja kiungo cha kujiunga tena, na chini yake ameandika: "Marahaba. Soko ni Ijumaa. Leta kitambaa kimoja, na ukipindue tuone nyuma."