Jinsi ya kusoma uhakiki ili Earthsea ikuingie vizuri

Kama umemaliza vitabu vya Earthsea vya Ursula K. Le Guin, zile riwaya za visiwa vya kubuni vyenye wachawi, na unahisi kuna kitu kimekupita, tafuta uhakiki usome, na nikisema uhakiki simaanishi yale maandishi ya chuo yenye maneno magumu mpaka ukurasa wa pili umeshasinzia, namaanisha insha fupi anazozielewa mtu yeyote, na bahati nzuri Le Guin mwenyewe kaziandika nyingi tu. Ila riwaya kwanza jamani, insha baadaye, maana zinafichua kila kitu.

Anza na insha yake Dreams Must Explain Themselves ya mwaka 1973, humo anakwambia kitabu cha kwanza ni habari ya kukua na cha tatu ni habari ya kifo. Hiyo inasomeka haraka.

Insha ya The Child and the Shadow ndo inataka utulie. Fungua pembeni mwisho wa kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea (1968), pale Ged, yule mchawi kijana, anapokutana baharini na kile kivuli alichokifungulia mwenyewe kwa uchawi, hakuna vita wala nini, kila mmoja anamwita mwenzake jina na jina ni lilelile moja, Ged. Mi mara ya kwanza niliona mambo yameisha kirahisi mno. Sasa hiyo insha inaongelea zaidi hadithi ya Andersen, yule mtunzi wa ngano, na mawazo ya Jung, mtaalamu wa saikolojia, kwamba kivuli ni ule upande wako usioutaka na ukiukana ndo unazidi kupata nguvu, kwa hiyo kazi ya kuyaunganisha hayo na Ged unaifanya mwenyewe, shika penseli, kila hoja itafutie ukurasa wake kwenye riwaya. Hoja isiyo na ukurasa iache, hata kama kaisema mwandishi mwenyewe.

Halafu insha ya Earthsea Revisioned (1993), hii naipenda kuliko zote maana anajihoji mwenyewe bila kujitetea, anakiri kwamba vile vitabu vitatu vya mwanzo kaviandika ndani ya mapokeo ambayo ushujaa ni wa wanaume. Rudi sura ya kwanza kabisa ya kitabu cha kwanza uone ule msemo wa Gont, kisiwa alikozaliwa Ged, kwamba uchawi wa mwanamke ni dhaifu, tena ni mwovu, na shule ya uchawi ya Roke anakosoma Ged ni ya wavulana watupu, yaani vilikuwepo hapo siku zote tukavipita tu. Ndo utaelewa kwa nini kitabu cha nne, Tehanu (1990), kinamfuata Tenar, mjane wa shambani anayelea mtoto aliyeunguzwa moto, na Ged anarudi nguvu zote zimemwisha. Wasomaji wengi walikasirika na mimi nilikasirika kwelikweli, nikaona Ged kaonewa.

Ukishamaliza hiyo insha, soma tena kwenye Tehanu pale Ged anapopanda mlimani kuchunga mbuzi, halafu rudi kitabu cha kwanza umwangalie Ged akiwa bado mtoto huko Gont, neno lake la kwanza la uchawi alikuwa anawaita akina nani.